Pointi gadi wawili, na mtu wetu chini ya ringi

Jumamosi iliyopita, mipira imeshaingia kwenye buti na mimi natafuta funguo mfukoni, mama mmoja akanifuata hadi kwenye gari. Salamu yenyewe ilikuwa fupi.

"Papa Furaha, mwanangu amekukosea nini?"

Nikajua. Wiki ya tatu sasa, kwenye timu ya kikapu ya vijana ninayoifundisha, nawachezesha pamoja vijana wawili ambao kila mmoja anaamini mpira ni wake. Mkubwa ana miaka 17, tunamwita Mzee kwa sababu hata akikanyagwa hapandishi sauti. Mdogo ana 15, mfupi, mwepesi, mbishi. Huyo ni Pilipili. Wote wawili ni pointi gadi. Kwa msomaji ambaye kikapu hukiona kwenye simu ya mtoto tu: pointi gadi ndiye anayepanda na mpira kutoka nyuma, anayepanga nani asimame wapi, anayeamua sasa hivi tupige pasi, tupenye au tutulie. Timu nyingi huweka mmoja uwanjani. Mimi naweka wawili, na Mama Pilipili anaona nimemnyang'anya mwanawe kazi.

"Sijamnyang'anya, mama. Nimemwongezea mwenzake."

"Sasa huyo mwenzake akishika mpira, wangu anafanya nini? Nimemwona amesimama kwenye kona kama mtu anayengoja basi."

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mama huyu huja uwanjani na sindano yake ya kufumia na uzi, mchezo wenyewe hatazami hata nusu. Na bado alikuwa ameona kitu kilekile ninachokipigia kelele mbele ya televisheni tangu 2022.

Naishi Lexington, Kentucky. Nilifika Januari 2014 na mke wangu, binti yetu Furaha wa miaka mitatu na mabegi manne, kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, nilikoingia nikiwa mvulana baada ya kukimbia Fizi mwaka 1996. Wakongo tumejaa hapa; kuna siku unaingia dukani kununua unga na Kiswahili unachokisikia kwenye foleni kinazidi Kiingereza. Mji una dini mbili, farasi na kikapu. Farasi ni ya wenye pesa. Kikapu, maana yake timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ni ya kila mtu, na usipoijua huna cha kuongea na bosi, jirani wala daktari wa meno. Nikajifunza. Kikapu chenyewe nilikuwa nacho kidogo tangu kambini, ringi moja isiyo na wavu na uwanja wa vumbi. Hii ya vyuo, ya watoto wa miaka 19 kulia mbele ya watu 20,000, nimeijulia hapa.

Msimu wa 2021/22 ndio uliowafanya hata akina mama wa kwaya wajue ribaundi ni kitu gani. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alihamia Kentucky kutoka Chuo Kikuu cha West Virginia, akaanza kuokota kila mpira uliogonga ringi. Wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi. Mwisho wa msimu akatajwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Kanisani kwetu mzee mmoja aliyekuwa hajawahi kuangalia mechi alikuwa ananiuliza kila Jumapili, "Mtoto wetu amecheza lini?" Hakuwa anauliza kama alishinda. Kwake yeye kucheza kulitosha.

Mtu mrefu chini ya ringi, hata awe na nguvu za trekta, anakula anachopakuliwa. Na waliokuwa wanapakua mwaka ule walikuwa wawili. Sahvir Wheeler alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Georgia, ambako msimu uliotangulia alikuwa ameongoza ligi yao ya SEC kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu. Futi 5 na inchi 9, kasi ya panya buku, macho nyuma ya kichwa. Pembeni yake TyTy Washington, mwaka wa kwanza, mrefu zaidi, mtulivu, mwenye mtupo laini wa umbali wa kati. Huyu naye maisha yake yote alikuwa pointi gadi. Kocha John Calipari aliwaweka wote wawili katika watano wa kwanza.

Januari ile nzima ilikuwa darasa, na mimi sikulielewa hata kidogo.

Mapema mwezi, kwenye mechi ugenini kwa chuo cha LSU, Wheeler aligonga skrini, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia, akaumia, akatoka. Tarehe 8 Georgia, timu yake ya zamani, ikaja Rupp Arena, uwanja wetu wa nyumbani, naye Wheeler akiwa benchi na nguo za kawaida. Washington akabaki na mpira peke yake. Akatoa asisti 17. Rekodi ya chuo kwa mechi moja ilikuwa 16, ya John Wall, ya mwaka 2009. Mtoto wa mwaka wa kwanza akaivunja siku aliyoachiwa usukani. Oscar siku hiyo alifunga pointi 29. Kwa kinyozi wetu, ambako ndipo hasa siasa za Lexington huamuliwa, hukumu ilitoka kabla kichwa cha kwanza hakijamalizwa kunyolewa: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mpeni mtoto mpira, Wheeler atokee benchi. Mimi niliunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki moja baadaye Tennessee wakaja. Wheeler amerudi, wanaanza wote wawili. Kentucky 107, Tennessee 79. Washington 28, Wheeler 21 na asisti 8. Tennessee ni timu inayoishi kwa ulinzi, na hapo ilionekana kama watu waliofunguliwa milango miwili kwa wakati mmoja, wakiziba huu upepo unaingilia ule. Sikwenda kwa kinyozi wiki mbili.

Basi kipi ni kipi? Nilirudia mechi hizo mbili nikiwa zamu ya usiku, saa ya mapumziko, simu imeegemea chupa ya maji. Nilichokiona mara ya tatu au ya nne ni hiki. Dhidi ya Tennessee mpira ulikuwa unakwenda mbio kabla ulinzi haujakaa. Wheeler akipanda kwa kasi, Washington tayari yuko mbele yake. Washington akiokota, Wheeler tayari anakimbia. Hakuna aliyepata muda wa kusimama. Lakini mechi ikipoa, ikawa ya kutembea, ya nusu uwanja, sura ilibadilika. Washington anashika mpira juu, Wheeler anakwenda kona ya kushoto, anaweka mikono magotini. Beki wake anamtazama, anajua huyu si mpigaji wa mbali, anarudi hatua moja. Halafu mbili. Hatua ya tatu inamfikisha mgongoni kwa Oscar.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Beki wa mtu mfupi kuliko wote uwanjani ndiye aliyekuwa anamlinda mtu wetu.

Tarehe 17 Machi, raundi ya kwanza ya mashindano ya NCAA, ya ubingwa wa vyuo, Kentucky waliopangwa namba 2 kwa ubora dhidi ya Saint Peter's namba 15, chuo kidogo cha Jersey City ambacho nusu ya chumba chetu cha mapumziko walidhani ni hospitali. Nilikuwa nimekaa na mzee mmoja Mmarekani, mzaliwa wa milimani mashariki ya jimbo, kofia ya bluu haivui hata kwenye joto la Julai. Ghala tunalofanyia kazi lina televisheni moja, na usiku huo msimamizi alijifanya haoni dakika zinavyopita. Saint Peter's 85, Kentucky 79, muda wa nyongeza. Oscar pointi 30 na ribaundi 16. Yule mzee alifunga sandwichi yake ambayo hajaigusa, akaiweka mfukoni, akarudi kwenye mashine bila neno.

Nitakuwa dhalimu nikisema ni pointi gadi wawili tu waliotuzika. Washington alikuwa ameumia kifundo cha mguu kule Auburn mwishoni mwa Januari na baada ya hapo sikumwona tena yule wa asisti 17. Saint Peter's nao walitupa kama watu wasio na deni. Hawakuishia kwetu, walifika hadi Nane Bora. Lakini dakika za mwisho, mechi imekwama, nilikuwa nasema kwa Kiswahili mbele ya Wamarekani wasionielewa, "Ondoka konani! Ondoka hapo konani!"

Msimu uliofuata Calipari alirudia upishi uleule. Wheeler na Cason Wallace, mwingine wa mwaka wa kwanza, mwingine aliyeweza kuongoza. Januari 2023 Wheeler akawa nje kwa bega, Kentucky wakaenda Knoxville wakawafunga Tennessee 63 kwa 56, nyumbani kwao. Kwa kinyozi walinitafuta kwa simu.

Nilipoanza kupekua zamani ya chuo hiki nikakuta ni ugonjwa wa ukoo. Mwaka 2010, John Wall na Eric Bledsoe, pointi gadi wawili ambao mwezi Juni ule walichukuliwa NBA, Wall wa kwanza kabisa na Bledsoe wa 18. Wamekwenda Nane Bora na rekodi ya mechi mbili tu za kupoteza. West Virginia wakawawekea ulinzi wa zoni, 1-3-1, maana yake kwa lugha ya nyumbani: ndani tumefunga, nje jipigieni. Wakapiga. Mitupo 20 ya kwanza ya pointi tatu yote ikakosa. Hadi mwisho ilikuwa 4 kati ya 32, na mechi 73 kwa 66. Kinachonichekesha, au kuniuma, ni kwamba West Virginia wenyewe walikuwa wamepoteza pointi gadi wao, amevunjika mguu, na aliyeshika nafasi yake, Joe Mazzulla, akafunga 17, ambazo hakuwahi kuzifikia kabla ya hapo chuoni. Ndiyo, ni Mazzulla huyohuyo aliyekuja kuwa kocha wa Boston Celtics. Kwa hiyo wao pia walikuwa na wawili. Ila wa kwao wa pili alikuwa amekaa benchi akijua nyimbo zote za wa kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria Connecticut. Na nikifikiria Connecticut lazima nianzie na kochi.

Aprili 2014, tuna miezi mitatu hapa. Watu wa kanisa wametuletea kochi la kijani, limechanika mkono mmoja, la kwanza maishani mwangu. Furaha alikuwa analala juu yake mchana akikataa kitanda. Tarehe 5, Nusu Fainali, Kentucky na Wisconsin, Aaron Harrison anatupa ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde tano na kidogo, 74 kwa 73. Jirani akaja kutuita: twendeni mtaani mkaone. Tukaona wanafunzi State Street, karibu na chuo, wanachoma makochi. Makochi! Mazima! Mke wangu alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama timu ikishinda tena tutapaswa kutoa letu.

Hatukulitoa, kwa sababu siku mbili baadaye, kwenye fainali, Connecticut walitufunga 60 kwa 54. Kentucky walikuwa na pacha wa Harrison, Andrew na mwenzake Aaron, na watoto wengine wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakubwa kama milango. Connecticut walikuwa na watu wawili wafupi, Shabazz Napier na Ryan Boatright. Napier alifunga 22, Boatright 14. Hapo sikujua kitu, nilikuwa natazama kama mtu anayeangalia sinema bila sauti, lakini hata mimi niliona kwamba wale wafupi wawili walikuwa wanabadilishana mpira kama watu wanaopokezana mtoto. Boatright alikuwa anambana Andrew Harrison kutoka mstari wa nyuma kabisa hadi mwisho, anachoka kabisa, na akichoka, Napier ndiye anapanda na mpira; Boatright akishapumua, wanabadilishana.

Miaka baadaye nikaja kufuata uzi huo nyuma. Napier alifika Connecticut mwaka 2010, akamkuta Kemba Walker yuko mwaka wake wa tatu na ndiye mfalme. Akacheza pembeni yake mwaka mzima, wakachukua ubingwa wa 2011, Butler wakafungwa 53 kwa 41. Na Kemba mwenyewe? Alipoingia akiwa mtoto, msimu wa 2008/09, alimkuta A.J. Price ndiye anayeshika mpira. Mechi nyingi Kemba alianzia benchi. Nane Bora dhidi ya Missouri akaingia akafunga 23, wakaenda Nne Bora Detroit, wakatolewa na Michigan State. Na chini ya ringi kwenye timu ile, urefu futi 7 na inchi 3, anazuia mitupo kama mtu anayepangusa dirisha, alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam.

Huyo nilimjua! Huyo nilimsikia redioni nikiwa Nyarugusu, Juni 2009, Mtanzania amechaguliwa wa pili NBA, Memphis. Tulisimama kwenye foleni ya maji tukibishana kama "wa pili" ni wa pili Afrika au wa pili dunia nzima.

Price akamlea Kemba, Kemba akamlea Napier, Napier akamlea Boatright. Ubingwa mara mbili na Nne Bora moja, na kila mara wako wawili uwanjani, na kila mara mmoja ni fundi na mwingine mwanagenzi. Mwanagenzi anajua zamu yake inakuja, kwa hiyo hasimami kona akinuna. Anakimbia, anakaba, anaiba kazi kwa macho. Fundi naye hana hofu, maana anaondoka.

Sasa linganisha na Kentucky. Hapa huja watoto wawili, wote wana miaka 18 au 19, wote wameahidiwa mpira, wote wanaondoka Juni. Nani atakuwa mwanagenzi wa nani? Msimu wa 2023/24 tulikuwa na Reed Sheppard na Rob Dillingham wote wakitokea benchi, D.J. Wagner akianza, watatu ambao kokote kwingine kila mmoja angekuwa na timu yake. Raha tupu kuwatazama. Oakland wakatutoa raundi ya kwanza, 80 kwa 76, kwa mtu mmoja aitwaye Jack Gohlke aliyetumbukiza pointi tatu mara kumi. Miezi mitatu baadaye Sheppard akachaguliwa wa tatu NBA na Dillingham wa nane. Calipari naye alikuwa ameshahamia Arkansas.

Kinyozi wetu ana pingamizi, na nitalitaja kwa sababu ni zuri. Anasema: na Jamal Murray? Kweli. Murray alikuja Kentucky 2015 akiwa pointi gadi, akamkuta Tyler Ulis, mfupi wa futi 5 na inchi 9, yuko mwaka wa pili na hana mpango wa kumpa mtu mpira. Murray hakulilia. Akawa mpigaji, anazunguka skrini, anapokea, anatupa. Wastani wake ukawa pointi 20 kwa mechi. Mwaka mmoja tu, wala hakulelewa na mtu. Basi namjibu kinyozi: huyo alikuwa na mtupo. Mwenye mtupo akisimama kona, beki hathubutu kumwacha. Kusimama kwake nako ni kazi. Wheeler hakuwa nao kiasi hicho, Bledsoe na Wall hawakuwa nao usiku ule. Kijana wangu Pilipili hana kabisa. Asiye na mtupo inabidi awe na miguu.

Halafu kuna Illinois ya 2005, ambayo si fundi na mwanagenzi wala nini. Deron Williams, Dee Brown, Luther Head, watatu, yeyote akishika mpira anaweza kuongoza. Dakika nne hivi zimebaki dhidi ya Arizona, wako nyuma pointi 15, tiketi ya Nne Bora inaondoka. Wakaiba, wakakimbia, wakatupa, Williams akasawazisha, wakashinda 90 kwa 89 muda wa nyongeza. Dakika zile nimezitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yangu. Hakuna anayeita mchezo. Anayeokota ndiye pointi gadi, na wengine wawili wameshaondoka kabla hajainua kichwa. Head alikuwa mwaka wa nne, Williams na Brown mwaka wa tatu. Miaka mitatu wanakula meza moja. Fainali wakafungwa na North Carolina 75 kwa 70, na hapo walitupa za mbali 40 zikaingia 12, kwa hiyo sisemi kwamba walikuwa malaika.

Baba yangu alivua ndagala Ziwa Tanganyika, hao Kigoma wanaita dagaa. Usiku, wawili mtumbwini: mmoja nyuma na kasia, mmoja mbele na taa. Wa nyuma haoni samaki. Wa mbele hageuzi mtumbwi. Nilimuuliza mara moja nani nahodha, akaniambia nikalale.

Mimi sina miaka mitatu. Nina ukumbi wa kukodi kwa muda wa saa mbili kila Jumamosi, na wachezaji kumi na mmoja, wawili kati yao huchelewa kwa sababu ndio wanaowapeleka wadogo zao darasa la Biblia. Mzee anamaliza shule Mei. Pilipili ana miaka miwili mbele.

Aliyenisaidia ni Furaha. Ana miaka 14, hachezi, anasema jasho la wavulana linatosha kumfukuza mtu, ila ndiye anaandika pointi. Usiku ule wa Mama Pilipili, nikimsimulia mke wangu jikoni, Furaha akasema kutoka kwenye kochi (lile lile la kijani, mkono tumeushona), "Papa, mbona usihesabu wanachofanya wakishaachia mpira?"

"Tuhesabu nini?"

"Kama anasimama au anakwenda."

Jumatano tukafanya mazoezi ya ziada kwenye bustani ya umma, baridi ya Novemba, mwanga wa taa ya barabarani. Furaha amekaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, daftari la hesabu gotini, glavu moja amevua ili ashike kalamu. Safu mbili: MZ na PI. Kila mmoja akitoa pasi, S akisimama, K akikimbia kwenda popote. Dakika ishirini. Kisha nikawaita wote wawili, nikawapa daftari bila kusema neno. Safu ya Pilipili ilikuwa S mpaka mwisho wa ukurasa, kama foleni ya nyoka. K nne, nadhani mbili kati yake alikuwa anafuata kofia yake iliyopeperuka. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akibisha.

Lakini Pilipili alikuwa anaangalia safu nyingine. "Mzee naye," akasema. "Mzee naye S."

Nikachukua daftari. Kweli. Ya Mzee ilimzidi mwenzake kwa K chache tu, si za kujivunia. Wiki tatu nilikuwa nikimwona mmoja tu, kwa sababu mwingine husimama kwa adabu. Mzee aliinamisha kichwa, akasema, "Papa, nikimpa najua hatanirudishia." Na Pilipili papo hapo: "Na mimi hivyohivyo!" Wakatazamana. Furaha akapuliza vidole, akauliza kama anaweza kwenda garini.

Sikuwapa hotuba. Niliwawekea sheria moja ya kijinga: ukitoa pasi ukasimama, timu nzima inakimbia. Sio wewe. Timu nzima. Wale tisa wengine wakageuka polisi kwa jioni moja.

Jana tulicheza na timu ya kanisa la upande wa pili wa mji, vijana wakubwa, wawili wana ndevu. Tulifungwa kwa pointi sita. Nusu ya kwanza ilikuwa aibu, pasi zinakwenda kwa watazamaji, Pilipili anakimbia kila mahali hadi kugongana na mwamuzi. Dakika za mwisho mwisho Mzee alipanda na mpira, akampa Pilipili upande wa kulia, na badala ya kusimama akakata moja kwa moja kuelekea ringi. Beki wake akamfuata, na beki wa mtu wetu mrefu, kijana wa Uvira mwenye viatu namba 14, naye akageuza shingo kumtazama Mzee. Shingo tu. Pilipili akapitisha mpira chini, ukadunda mara moja katikati ya miguu ya watu, kijana wa Uvira akaupokea, hana mtu mgongoni, akaweka.

Niligeuka kumtafuta Mama Pilipili jukwaani, nimwonyeshe kwa kidole. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anahesabu vishono.